Ua lisilonyauka: lipande juani, litumie kwa akili

Mwezi huu sitaandika juu ya mitihani wala usafi wa vyoo. Nataka tuongee kuhusu mmea mmoja mdogo unaoota mbele ya nyumba yetu hapa Dzaleka. Watu wakipita wanasimama na kuniuliza, “Mwalimu, unapanda majani gani hapo? Hii haiko mboga.”

Ni kweli, si mboga, na hautamshibisha mtu. Lakini watoto wa darasa langu wanaupenda, bibi jirani yetu anaupenda, na mimi mwenyewe umenifundisha mambo mawili: moja la furaha na moja la aibu. Yote mawili nitayasema hapa, maana gazeti letu ni la familia, na kwenye familia watu huambiana ukweli.

Ni mmea gani huu?

Majani yake ni ya kijivu, laini kama blanketi la mtoto, yamefunikwa na manyoya madogo. Ukiyasugua mkononi yanatoa harufu nzuri inayokaa muda mrefu. Maua yake ni madogo madogo, ya njano, yamekusanyika pamoja kwenye ncha ya tawi. Wataalamu wanauita Helichrysum odoratissimum. Neno la kwanza limetoka katika Kigiriki, linaunganisha jua na dhahabu. La pili ni Kilatini, maana yake ni chenye harufu nzuri sana. Wazulu wa Afrika Kusini wanauita impepho. Sisi darasani tumeuita ua lisilonyauka.

Ni mmea wa Afrika yetu hii. Unaota wenyewe kwenye milima na nyanda za juu, kuanzia Ethiopia, kupitia Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Ndugu zake ni wengi sana, aina mamia. Wako hata wanaoishi juu kabisa kwenye baridi ya mlima Kilimanjaro, mahali ambapo mimea mingine imeshakata tamaa.

Jinsi ulivyonifikia

Nilifika hapa mwaka 2012 nikiwa na miaka kumi na moja, tukitokea Kivu ya Kusini. Kule kwetu, kwenye milima ya juu ya Uvira, ulikuwa unajiotea tu kando ya njia za ng'ombe. Nyanya yangu alikuwa akikata matawi na kuyatandika chini ya mkeka ili pa kulala panukie. Sikuwahi kuuliza jina lake. Mtoto anauliza jina la kitu anachoogopa kukipoteza, na mimi wakati ule sikujua kama tutapoteza.

Mwaka 2023, ndugu zetu wengi waliokuwa wakiishi nje walirudishwa kambini na nafasi ikazidi kubana. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000, na sasa tumepita 50,000. Basi siku moja katika mwaka huo nilikuwa sokoni nanunua maharage kwa mama mmoja Mmalawi. Juu ya gunia lake alikuwa ameweka tawi kavu. Upepo ukapiga, ile harufu ikanifikia, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikamuuliza. Akasema ameleta kutoka kwa ndugu zake Dedza, milimani, na kwamba wanaliweka kwenye nguo na magunia kwa sababu wadudu hawaipendi harufu yake. Wiki iliyofuata aliniletea vijiti sita vibichi amevifunga kwenye kitambaa chenye maji. Zikomo, mama.

Kosa langu la kwanza: kuupenda kupita kiasi

Mimi nimezoea kulima mchicha na maharage. Kwa hiyo nilichimba udongo mzuri, nikatia samadi ya mbuzi, nikapanda chini ya kivuli cha mpapai, nikamwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu vijiti vitano vilikuwa vyeusi chini, vimeoza. Kumbe niliuua kwa huruma!

Yale manyoya ya kijivu siyo pambo. Yanazuia jua kali na upepo visikaushe jani, kwa hiyo mmea unatunza maji yake wenyewe. Umezoea mlima wenye mawe, mahali mvua ikinyesha maji yanateremka yanakwenda zake. Ukiuweka kwenye matope na kivuli, mizizi inakosa hewa na inaoza. Mbolea nyingi nayo inaufanya urefuke ovyo, uwe dhaifu.

Kijiti cha sita nilikihamishia pembeni ya ukuta, mahali ambapo mama yangu alikuwa anatupa vipande vya matofali na hakuna kitu kilichowahi kuota. Pale jua linapiga kutwa nzima. Kikashika. Mimea yote mnayoiona sasa mbele ya nyumba yetu imetoka kwenye kijiti hicho kimoja.

Namna ya kupanda

Wengi mmeniomba maelezo, basi haya hapa.

1. Chagua tawi changa ambalo halijatoa maua. Kata urefu wa kidole, chini kidogo ya mahali jani linapotokea. Ondoa majani ya chini, acha ya juu.

2. Changanya mchanga na udongo, nusu kwa nusu. Tumia kopo la mafuta au ndoo iliyopasuka, lakini toboa matundu chini. Bila matundu usianze hata kazi.

3. Chomeka kijiti, bonyeza udongo, mwagilia kidogo. Kiweke kwenye kivuli chepesi wiki mbili au tatu mpaka kishike. Ukikivuta polepole na kikakataa kutoka, ujue kina mizizi.

4. Sasa kitoe juani. Kama ni ardhini, tengeneza tuta lililoinuka, tia kokoto au vipande vya tofali, na uache hatua moja fupi kati ya mmea na mmea.

5. Mwagilia tu udongo ukiwa umekauka kabisa. Wakati wa masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, acha mvua ifanye kazi yake, wewe linda maji yasituame.

6. Mmea ukianza kurefuka, kata ncha ili utoe matawi mengi. Baada ya maua, upunguze tena. Ukizeeka na kuwa mti mti, panda vijiti vipya.

Unaweza pia kutumia mbegu. Ni ndogo kama vumbi na zina manyoya ya kurukia upepo, kwa hiyo zikusanye mahali pasipo na upepo. Usizifukie, zinataka mwanga. Zinyunyize juu ya mchanga wenye unyevu na uzibonyeze kwa kiganja. Tawi lililolala chini nalo mara nyingi linatoa mizizi lenyewe. Likate, tayari una mche mwingine.

Kwa nini halinyauki?

Hili ndilo somo ambalo wanafunzi wangu hawalisahau. Tulichuma ua la mhibiski, lile jekundu kubwa, na ua letu la njano, tukayaweka dirishani bila maji. Kesho yake lile jekundu lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyolowa. Letu likabaki vilevile. Wiki ikapita, mwezi ukapita, bado njano.

Mtoto mmoja akasema, “Mwalimu, hili halijajua kama limekufa.” Darasa zima tulicheka. Lakini sababu ipo. Kile tunachokiona kama petali za njano siyo petali. Ni magamba membamba yanayozunguka ua, na yako makavu hata wakati mmea uko hai. Ua linanyauka kwa kupoteza maji. Magamba haya yana maji kidogo sana, basi yapoteze nini?

Ukitaka kukausha, kata asubuhi baada ya umande kuondoka, maua yakiwa yanaanza tu kufunguka. Funga vishada vidogo, vitundike vichwa chini mahali penye kivuli na hewa, kama wiki mbili. Usivianike juani, rangi itapauka.

Watu wanautumiaje?

Kule Afrika Kusini matumizi ni mengi. Wazulu na Waxhosa wanachoma matawi makavu wanapozungumza na mababu zao. Wenye ndugu Durban wanaweza kuwauliza: kwenye soko la dawa za asili la Warwick vifungu vya impepho vinauzwa kila siku. Wasotho wamekuwa wakichanganya mmea huu na mafuta kupata mafuta ya kujipaka yenye harufu nzuri. Makaburu wanauita kwa jina lenye maana ya kitu cha kitandani, kwa sababu watu walitandika matawi yake na kulala juu yake, kama nyanya yangu.

Wengine wameniuliza pembeni, “Mwalimu, si ni mambo ya uchawi haya?” Hapana. Mmea ni mmea. Mila ya Wazulu ni ya Wazulu, na wewe huilazimiki. Hata chumvi kuna watu wanaifanyia mambo yao, lakini sisi tunaitia kwenye maharage.

Sasa niseme la aibu

Mwaka jana, mwezi wa Juni, baridi ilikuwa kali. Bibi jirani yetu aliniomba kifungu cha ua lisilonyauka. Kwao walikuwa wanafukiza moshi wake mtu akiwa na kikohozi, na mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, alikuwa anakohoa siku ya tatu. Nilimpa kwa furaha. Nilijisikia mtu wa maana, hata sikuuliza swali.

Usiku wakafunga mlango na dirisha sababu ya baridi, wakafukiza. Nyumba ni chumba kimoja, kama zetu zote. Karibu saa nne nikasikia bibi anapiga ukuta. Nilipoingia, kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza neno. Nilimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Ile njia naijua vizuri, lakini siku ile ilikuwa ndefu kuliko siku zote.

Mtoto ana pumu. Hatukuwa tunajua. Muuguzi alimpa dawa ya kuvuta, akapata nafuu kabla ya asubuhi, na alitueleza bila kututukana kwamba kifua chenye pumu hakichagui moshi. Uwe wa mkaa, wa sigara au wa majani ya mababu, wote ni moshi.

Bibi alilia. Akasema, “Nilimfanyia kile mama yangu alinifanyia mimi.” Nikamwambia, “Bibi, kosa ni langu pia, mimi ndiye nilikupa.” Kule kwao nyumba ilikuwa ya nyasi, moshi unatoka juu. Hapa ni tofali na bati, mlango umefungwa. Dawa ilikuwa ileile, lakini nyumba ilikuwa imebadilika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba haya:

Usifukize moshi wowote ndani ya chumba alichomo mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mtu mwenye pumu.

Usinywe wala kumnywesha mtoto maji ya mmea huu. Ni kweli kwamba maabara zimepima mafuta yake na kukuta yanazuia bakteria fulani. Lakini bakteria kwenye kisahani cha maabara siyo mtoto mwenye homa.

Mtoto akipumua haraka, akitoa mlio kifuani au mbavu zikiingia ndani, usisubiri kuche. Mpeleke kituoni.

Tunautumia hivi

Nyumbani kwetu tunashona vifuko vya kitambaa, tunajaza majani makavu, tunaweka kati ya nguo na ndani ya mto. Harufu ikipungua, unakisugua kidogo, inarudi. Hakiui kunguni, nisikudanganye, lakini sanduku linanukia vizuri. Watoto wanatengeneza vishada vya kupamba darasa, na akina mama wawili wa zoni yetu wameanza kuuza vifuko sokoni. Si hela nyingi, ni ya sabuni.

Kuna matumizi mengine hatukuyapanga. Mwezi wa Septemba, wakati wa vumbi na hakuna ua bichi hata moja, familia ya mwanafunzi wetu ilifiwa na mtoto mchanga. Wanafunzi wenyewe walivua shada lililokuwa ukutani darasani, wakalipeleka kaburini. Sikuwaambia mimi. Nilipopita pale Oktoba, lilikuwa bado njano.

Na yule bibi? Mwezi uliopita alikuja na kopo lake. Nikaogopa kidogo. Akacheka, akasema, “Mwalimu, nipe ya kupanda. Moshi nimeacha, harufu siachi.” Sasa mmea wake uko mlangoni, juani, na anayeumwagilia ni mjukuu wake, mara moja kwa wiki, siyo zaidi. Dawa yake ya kuvuta iko mfukoni.

Anayetaka kijiti aje Jumamosi asubuhi, nyuma ya darasa la tano. Ni bure. Lete kopo, na liwe na matundu.

Mwalimu wa kujitolea, darasa la tano