Maana na Matumizi ya Neno "Kujihujumu"

Neno "kujihujumu" ni jepesi kutamka mkutanoni, na kwa sababu hiyo hutumiwa ovyo. Kada hana budi kulichambua kwanza.

"Hujuma" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni shambulio. Mhujumu basi ni adui: yuko upande wa pili, naye hudhuru kwa makusudi. Ndiyo maana iliyokuwa midomoni mwa watu mwaka 1983, Ndugu Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu wa Tanzania, alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi.

Kiambishi "ji" kinapoingia, anayepiga na anayepigwa huwa mmoja. Lakini mmoja huyo ni nani? Wengi hudhani ni mtu binafsi, kama mlevi anayemaliza mshahara wake kilabuni. Huyo amejitia kitanzi, na maneno hayo yanamtosha. Katika siasa, "ji" hii ni ile ile ya "kujitegemea" katika Azimio la Arusha la 1967: nafsi inayotajwa ni umma.

Tuchukue mfano. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Si kwamba vyama hivyo vilikuwa safi, ubadhirifu ulikuwamo. Lakini baada ya hapo mkulima aliuza kwa mamlaka za mazao, ambazo mara nyingi zilichelewa kumlipa. Aliyevusha kahawa yake mpakani usiku aliitwa mhujumu. Na chombo kilichokaa na fedha zake, tukiiteje? Ushirika ulikuwa mkono wa umma, nao ulikatwa na wale wale waliouhitaji. Huko ndiko kujihujumu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kuwa hatua zote mbili zilikuwa makosa, na mwaka 1982 zilitungwa sheria za kuvirudisha vyombo hivyo.

Hata hivyo, si kila hasara iitwe hivyo. Ukame, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta: hayo hatukujitakia. Tunajihujumu pale tunapoona chombo chetu kinaharibika mikononi mwetu, nasi tukaendelea. Kwa hiyo mjumbe akisimama na kusema kiwanda kimehujumiwa, aulizwe: na nani, na vipuri viliagizwa lini?