Jina na Jicho: Mfano wa Heroe wa Ziwa Nakuru

Wanaisimu wamejadiliana kwa miaka mingi kama lugha huongoza fikra. Makala haya yanakusudia kuchukua swali dogo zaidi: je, kujifunza kuainisha vitu hubadili namna tuvionavyo? Mfano wetu ni heroe wa Ziwa Nakuru.

Neno la kawaida ni moja, heroe, ilhali ndege wenyewe ni wa aina mbili. Yule mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea, unaokaribia weusi, na hula hasa viumbe vidogo mno vya kijani vinavyoelea katika maji ya magadi. Yule mkubwa ni mweupe zaidi, mdomo wake una rangi ya waridi na ncha nyeusi, naye hutafuta vijidudu topeni. Mgeni huona kundi moja. Aliyefundishwa huona mawili.

Yaweza kudaiwa kwamba hayo ni matokeo ya mazoea tu, yaani atazamaye sana ndiye aonaye sana. Dai hilo lilipimwa na James Tanaka, Tim Curran na David Sheinberg katika utafiti wa mwaka 2005. Watu walionyeshwa picha za bundi na za ndege wa majini wenye miguu mirefu. Jamii moja walifunzwa kwa jina la kila aina. Nyingine waliitazama kwa kiasi kile kile, lakini kwa jina la jumla. Hatimaye walipambanua vizuri zaidi ile jamii ya majina mahususi, hata aina ambazo hawakupata kuziona. Mwaka 2006, wakiwa pamoja na Lisa Scott, walipima umeme wa ubongo: takriban robo ya sekunde baada ya picha kutokea, ishara iliongezeka kwa jamii hiyo.

Isidhaniwe kwamba asiye na neno hana macho. Tofauti ya midomo iko wazi kwa wote. Mafunzo huifanya itambuliwe upesi.

Jambo hili si la wanasaikolojia peke yao. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda sana katika miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, na heroe wadogo wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Asemaye tu kwamba “heroe wamepungua” hajaeleza ni wepi, wala kwa nini. Hapana budi basi kamusi na vitabu vya shule vitofautishe heroe mkubwa na heroe mdogo, na kutaja midomo yao. Fasili ya namna hiyo itamfunza msomaji neno, na papo hapo itamfunza kutazama.