Garissa: Twende Tukapaone Kwanza

Habari iliingia kwa simu tukiwa tunakunywa chai ya alasiri: binti yetu wa pili amepangiwa Chuo Kikuu cha Garissa, kusomea ualimu. Mwenyewe alifurahi. Mama yake aliweka kikombe chini, akaingia chumbani, asitoke mpaka Magharibi.

Sikuhitaji kumuuliza. Tulikuwa papa hapa Shauri Moyo ile Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, na siku zilizofuata, miili ilipoletwa Chiromo na wazazi wakakusanyika katika uwanja wa Nyayo. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Wauaji waliwatenga vijana kwa dini zao, kisha wakajinasibisha na Uislamu. Mimi nimelikana jambo lile mimbarini mara nyingi. Lakini kulikana mimbarini ni kwepesi. Kumpandisha bintiyo basi la kwenda pale pale ndiko kuzito.

Usiku mama watoto aliniambia, "Sheikh, nimeswali istikhara na moyo wangu umekataa." Nikamjibu kwamba istikhara huja baada ya mtu kuulizia jambo lake na kulitazama, si baada ya kujifungia chumbani. Alikasirika, na nadhani alikuwa na haki ya kukasirika kidogo. Hatimaye tukakubaliana: tutakwenda sote watano, kwa siku tatu, na hapana atakayesema ndiyo wala la mpaka tumerudi.

Nieleze maandalizi, kwani wapo wazazi watakaoyahitaji. Tulikiandikia chuo mapema, tukataja majina yetu, nambari za vitambulisho na siku tunayokuja. Msiende bila ya kuandika. Lango la chuo kile halifunguliwi kwa tabasamu. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake chenyewe, si picha yake katika simu, na watoto wachukuliwe vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu njiani kuna vizuizi vya polisi, na kabla ya daraja la Tana abiria hukaguliwa. Tena tazameni majira. Mwezi Aprili 2024 mto ulifurika, barabara ikakatika karibu na Madogo, watu wakavushwa kwa mashua, na mashua moja ikapinduka watu wakafa. Sisi tulingoja masika yapite.

Kutoka kwetu mabasi huondokea Eastleigh, na njia ni Thika, Mwingi, kisha Garissa, mwendo wa kilomita 370 hivi. Ninyi wa Mombasa mtapitia Malindi, Garsen na Hola. Basi letu liliahidi kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, likaondoka saa tatu u nusu. Kwa hiyo Adhuhuri ilitukuta Mwingi, tukaijumuisha na Alasiri, rakaa mbili mbili. Kijana wangu aliniuliza kwa nini hatukuanza kupunguza swala tangu nyumbani. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii msafiri hupunguza akishayaacha majengo ya mji wake, na ruhusa hiyo humwendea maadamu hakunuia kukaa alikokwenda siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka. Siku zetu tatu zilikuwa salama.

Baada ya Mwingi hewa hugeuka. Nairobi imepita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Garissa haifiki 200. Miti hupungua kimo, ardhi huwa nyekundu, na koti la Shauri Moyo huwa mzigo. Watu husema ni jangwa. Mimi niliyezaliwa pwani niliona miiba mingi na joto ninalolijua, ila halina bahari ya kulipoza.

Chuo tulikiendea asubuhi ya pili. Zamani kilikuwa chuo cha ualimu. Mwaka 2011 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikafungwa baada ya msiba, kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tulipekuliwa mara mbili. Maktaba na madarasa mama watoto aliyapita kama mtu apitaye dukani asiponunua kitu. Alitaka mabweni. Alihesabu milango, akatikisa makomeo, akauliza maji hukatika mara ngapi, akauliza mlinzi hulala wapi.

Pale akamkuta msichana wa mwaka wa tatu, Mkristo kutoka Kitui, akianika nguo. Akamuuliza bila ya kuzunguka, "Mwanangu, wewe huogopi?"

"Mama, mwaka wa kwanza nilikuwa nalala na viatu," akasema yule binti. "Mama yangu alikataa kabisa nisije. Sasa akinipigia simu ananiuliza mitihani tu."

Mama watoto akamuuliza Jumapili huswali wapi, na nani humsindikiza. Binti akamjibu. Kisha wakaanika pamoja zile nguo zilizobaki, na mimi nikaona nisogee pembeni.

Alasiri tuliwapa watoto mji. Kusini, si mbali, ipo Hifadhi ya Twiga ya Bour-Algi. Nendeni jua likishapoa. Twiga wa huko wana mabaka yaliyochorwa kama vigae, na mdogo wetu alinong'ona muda wote akidhani watakimbia. Soko la mifugo ni miongoni mwa makubwa nchini. Tulisimama kando ya ngamia tukisikiliza bei bila ya kuzielewa. Tulikula nyirinyiri kwa anjera. Maziwa ya ngamia watoto waliyakataa kwa harufu ya moshi wa chombo. Mimi nilikunywa ya watatu. Kituo cha umeme wa jua, chenye paneli zaidi ya laki mbili, hatukukiona, kwa kuwa sikuomba kibali, na kijana wangu hajanisamehe.

Siku ya tatu, basi lilipolivuka daraja na maji ya Tana yakawa chini yetu, mekundu na mazito, mama watoto alimwambia binti yake, "Godoro la pale ni jembamba. Tutanunua lingine Gikomba." Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Juma lililofuata jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama Mkristo, alibisha hodi. Mwanawe naye amepangiwa Garissa. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuketi. Mama watoto alimshika mkono, akamwingiza jikoni, akafunga mlango. Walikaa humo mpaka Isha, na nilipopita nilimsikia akimwambia, "Sikwambii umpeleke. Nakwambia twende, nitakuja nawe, ukatikise makomeo mwenyewe."