Mkojo wa Ng'ombe Unauangalia, Wako Je?

Ndugu mkulima wa skimu, ng'ombe wako akikojoa mkojo mwekundu hulali. Wajua kwamba huo ni ugonjwa wa kupe, nawe humwita daktari wa mifugo siku ile ile. Je, mkojo wako mwenyewe ulipimwa lini?

Leo tunataka uzijue figo, kwa sababu ugonjwa wake huwadanganya watu wengi. Kila mtu ana figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi, nazo ziko upande wa mgongo chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja katika damu maji yapatayo lita 180, na karibu yote huyarudisha mwilini. Lita moja au mbili hutoka kama mkojo, pamoja na uchafu. Tena figo hupima maji na chumvi ya mwili, na huuagiza mwili utengeneze damu.

Sasa angalia jinsi watu wanavyodanganyika. Figo zikiharibika, mara nyingi haziumi. Uchafu ukibaki katika damu, mtu hutapika na kukosa hamu ya chakula. Watu husema ni malaria, taifodi au vidonda vya tumbo. Damu ikipungua, huchoka kabla ya kumaliza mstari mmoja wa kupalilia. Husema ni minyoo au uzee. Maji yakizidi, uso na miguu huvimba na pumzi huwa fupi. Husema ni moyo. Ngozi ikiwasha, hununua dawa ya kupaka. Wengine husema amerogwa, na fedha za maziwa huishia kwa mganga. Lakini kiuno kikiuma baada ya kulima, ndipo husema ni figo, kumbe mara nyingi ni misuli tu!

Jambo la pili ni kwamba figo zina akiba ya nguvu. Mtu aweza kuishi vizuri na figo moja. Kwa hiyo zaweza kuharibika pole pole kwa miaka mingi, na dalili zije wakati sehemu kubwa imekwisha kufa. Hapo husalia kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 2 au 3 kila juma, au kuwekewa figo ya mtu mwingine. Jamaa huuza ng'ombe, kisha huuza shamba.

Mahindi yakigeuka manjano, huenda ni ukosefu wa mbolea, huenda ni maji yaliyotuama. Mkulima hodari habahatishi; hupeleka udongo upimwe. Fanya vivyo hivyo kwa mwili wako. Homa ipimwe malaria kwanza. Lakini ukiwa umetibiwa na ugonjwa hauondoki, au unarudi rudi, omba vipimo hivi:

1. Mkojo, kuona kama una protini au damu.
2. Damu, kuona kiasi cha kreatinini, yaani uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa.
3. Presha na sukari, kwa maana hizo mbili ndizo huharibu figo za watu wengi.

Mwenye presha au sukari, na mwenye ndugu aliyeugua figo, apimwe kila mwaka hata akijiona mzima. Usiache dawa ya presha kwa sababu umepata nafuu. Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki siku nenda siku rudi bila shauri la daktari. Ukifanya kazi juani, kunywa maji. Mkojo ukipungua sana, au uso ukivimba na pumzi ikawa fupi, usikawie. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ugonjwa ukijulikana mapema, dawa na chakula kinachofaa vyaweza kuzitunza figo kwa miaka mingi. Basi safari ijayo ukienda hospitali, usingoje kuulizwa. Sema, "Tafadhali daktari, nipime na mkojo pia."