MOTO HAUNGOJI WAPOMPIE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, nyumba ya jirani ikiwaka usiku huu, ni nani atazima? Huku kwetu Kasongo na Kabambare, wakati wa kiangazi paa la majani linakwisha kuungua mbele gari la wapompie halijatoka mji mkubwa. Mtu wa kwanza kufika ni jirani.

Wengine walifahamu jambo hili zamani. Katika mwaka 1736, mjini Philadelphia, Amerika, Benjamin Franklin, mpiga chapa, alipatana na majirani wake kufanya kikosi cha watu 30. Hawakulipwa mshahara. Kila mtu aliweka nyumbani ndoo za ngozi za kuchotea maji, na mifuko ya kutolea vitu ndani ya nyumba inayowaka. Walikutana kila mwezi. Asiyekuja alilipa faini, na feza ile ilinunua ngazi, kulabu na pompi. Wengine walipotaka kuingia, waliambiwa: fanyeni kikosi chenu. Hivi vikosi vilienea mji wote.

Sisi pia tunaweza. Chagueni kapita wa moto katika kila mtaa. Kila nyumba iweke ndoo moja ya maji na moja ya mchanga. Moto ukitokea, pigeni kengele, toeni watoto na wazee kwanza, kisha simameni mstari toka kisimani: ndoo zenye maji zipite mkono kwa mkono, watoto wakubwa warudishe zilizo tupu mbali na moto.

Mafuta yakiwaka, usimwage maji! Moto utatembea pamoja nayo. Kama ni kidogo, tupa mchanga. Kama ni mengi, kimbia.

Kumbuka Sange, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 2 Julai 2010, gari la kubeba esanse lilianguka barabarani. Watu walikuja na bidoni kuchota. Wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulishika, na watu zaidi ya 230 walikufa. Basi kazi ya kikosi si kuzima tu: ni kufukuza watu mbali mbele ya moto kuwaka.

Jumapili hii, ongea na jirani yako. Ndoo ya kwanza itoke kwako.