Mwiga tembo kwenye soko la kripto

Ukifungua orodha ya vinara kwenye soko lolote kubwa la sarafu za kidijitali, kinachokupokea kwanza ni rangi ya kijani. Kuna picha ya katuni, jina la bandia, mstari unaopanda kama ngazi, na chini yake tarakimu nono, tuseme faida ya asilimia 400 ndani ya siku 90, biashara 98 kati ya 100 zikiwa zimefaulu. Pembeni kuna kitufe. Ukikibonyeza, kila atakachonunua au kuuza kinara huyo kitanunuliwa au kuuzwa kwenye akaunti yako papo hapo, uwe kazini, ibadani au umelala. Huku ndiko kunakili biashara, au kopi tredi kama wanavyoiita wenyewe kwenye magrupu ya Telegram. Kampuni ya eToro ilianza kuieneza mwaka 2010, na soko la Binance likaifungua kwenye biashara yake ya fyucha mwaka 2023, pale penye levereji, yaani kufanya biashara kubwa kuliko fedha uliyoweka.

Karibu mazungumzo yote kuhusu hatari ya jambo hili huzunguka swali moja: nimfuate nani? Swali hilo lina maana, ila limekaa mahali pasipo pake. Hatari kubwa haiko kwenye ujuzi wa kinara. Iko kwenye ukweli kwamba kitufe kinanakili oda zake na kuuacha mfuko wake, na mfuko ndio unaoamua nani atasalimika bei ikigeuka. Anaweza kuwa hodari kweli, akamaliza mwezi na faida, na wafuasi wake wakaunguza akaunti kwa biashara zilezile.

Tuanze na hiyo orodha yenyewe. Chukua watu 1,024 wasiojua lolote kuhusu soko, kila mmoja arushe sarafu mara moja kwa wiki, anayekosea atoke. Wiki ya kwanza watabaki kama 512, ya pili 256, na baada ya wiki kumi atabaki mmoja aliyepatia mara zote kumi. Mmoja huyo ndiye atakayewekwa juu ya orodha, na wale 1,023 hutawaona. Tena ujanja unawezekana bila hata bahati: mtu anafungua akaunti mbili, moja inanunua na nyingine inauza kitu kilekile, kisha ile iliyoungua inafutwa na ile iliyonona inatangazwa. Siku 90 za faida zinakuambia nani ameonekana, basi.

Na zile biashara 98 kati ya 100? Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo wengi wanaponaswa. Kiwango cha ushindi huhesabu biashara zilizofungwa. Kinara asiyependa doa hafungi biashara inayomwendea vibaya, anaongeza mzigo. Bei ikishuka ananunua tena, ikishuka zaidi ananunua tena, wastani wa bei yake unateremka, na soko likipanda kidogo tu anafunga kwa faida ndogo. Kwenye ukurasa wake inaingia alama nyingine ya ushindi. Wakati wote huo hasara ilikuwa inaelea, kubwa kuliko faida iliyokuja kupatikana, lakini haikuhesabiwa. Mbinu hii hufanya kazi mara nyingi sana, mpaka siku moja soko linaposhuka lisirudi.

Sasa weka namba. Kinara ana dola 50,000. Kila oda anatumia dola 500, asilimia 1 ya mtaji, kwa levereji ya mara 20. Mfuasi ana dola 200, na kwenye mipangilio amechagua kiasi maalum cha dola 20 kwa kila oda, kinachoonekana kidogo. Soko linashuka, kinara anaongeza mzigo mara tisa. Oda kumi hizo zimemla dola 5,000, asilimia 10 ya mtaji wake. Mfuasi kanakili oda zote kumi, na dola zake 200 zimekwisha zote. Bei ikishuka asilimia 5 nyingine chini ya wastani wao, kinara ana hasara ya dola 5,000, kidonda cha asilimia 10. Mfuasi hana kitu. Kwa kweli soko litakuwa limeshamfungia kabla ya kufika hapo. Kisha kinara anaweka oda ya kumi na moja, ya kumi na mbili, bei inapanda, anafunga kwa faida. Rekodi itasema ameshinda, na haitakuwa imedanganya. Wahenga waliosema mwiga tembo hupasuka msamba hawakuwa wanambeza tembo. Walikuwa wanazungumzia ukubwa wa mwili.

Masoko mengi yana njia ya pili, kunakili kwa uwiano, ambapo asilimia 1 ya kinara inakuwa asilimia 1 yako. Hiyo ni salama zaidi, na anayenakili bila kuichagua ana haja ya kujiuliza kwa nini. Ila nayo ina kasoro kwa mwenye mtaji mdogo: oda ikiwa chini ya kiwango kinachokubalika na soko, inarukwa, kwa hiyo unanakili nusu ya mpango wa mtu. Na hata oda inayopita inafika nyuma ya ya kwake. Kwenye Bitcoin tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye sarafu ndogo, wafuasi mia tano wakinunua kwa pamoja, ni wao wenyewe wanaoipandisha bei, na aliyetangulia kununua ndiye anayewauzia.

Kuna pia suala la malipo. Kinara hupata fungu la faida ya wafuasi, mara nyingi asilimia 10 au zaidi, na hasara yao haimgusi. Mwenye dola 1,000 zake na dola 200,000 za wafuasi ana kila sababu ya kujaribu bahati kubwa. Utetezi wa kawaida ni kwamba naye ameweka fedha zake humo. Sawa, lakini ameweka ngapi? Kama fungu la mwezi mmoja linazidi mtaji wake wote, fedha hizo si dhamana, ni nauli.

Mwenye mashaka atasema: mtu asiyejua soko akiachiwa peke yake ataungua haraka zaidi, heri amfuate anayejua. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Lakini kitufe kinambadilisha anayekibonyeza. Wachumi Jose Apesteguia, Jörg Oechssler na Simon Weidenholzer, kwenye jaribio walilochapisha mwaka 2020 katika jarida la Management Science, walikuta kwamba watu wakionyeshwa mafanikio ya wenzao huchukua hatari zaidi, na wakipewa uwezo wa kuwanakili moja kwa moja huchukua hatari zaidi tena. Asiyejua, ila anayejua kwamba hajui, huweka kidogo. Aliyekabidhi usukani kwa mwingine hujiona salama, akaweka ada ya shule.

Wengine huilinganisha na mifuko ya uwekezaji kama ya UTT AMIS: huko nako si unamwachia mtu fedha zako? Unamwachia, ila mtu mwenye leseni, jina na ofisi. Ulaya, mamlaka ya masoko ESMA inaihesabu huduma ya kunakili, pale oda zinapotekelezwa bila mteja kugusa chochote, kuwa usimamizi wa mali za watu, kazi ya leseni. Kwetu sheria ndiyo kwanza zinafika. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, leseni zikiwa mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania, Benki Kuu ilitahadharisha mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali, na mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3. Mkono wa kodi una mwendo.

Hoja iliyobaki ni ya kugawa: fuata vinara watano badala ya mmoja. Inasaidia dhidi ya tapeli, haisaidii dhidi ya soko. Oktoba 10, 2025, Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wa ziada wa asilimia 100 kwa bidhaa za China, biashara za levereji zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24. Bitcoin ilishuka zaidi ya asilimia 10, sarafu ndogo kadhaa zaidi ya nusu. Aliyefuata vinara watano, wote wakiwa wamenunua, alikuwa na kinara mmoja mwenye majina matano.

Kinachobaki mikononi mwa mfuasi, basi, ni vitu ambavyo kinara hawezi kumwamulia: kiasi anachotenga, uwiano, kiwango cha juu cha levereji, na kikomo cha hasara ya akaunti nzima. Ukurasa wa kinara nao usomwe kutoka chini, kwenye mporomoko mkubwa kuliko yote aliowahi kupitia, kabla ya ile faida ya juu. Akaunti iliyopoteza asilimia 20 inahitaji kupanda 25 ili irudi ilipokuwa. Iliyopoteza 80 inahitaji 400, ile tarakimu nono ya mwanzo, ili tu isiwe imepoteza. Kwa mwenye dola 200 kikomo cha hasara ya asilimia 20 ni akaunti ikibaki na dola 160. Soko hili halifungi, kwa hiyo huenda likamfikisha hapo saa nane usiku amelala, mfumo ukafunga biashara zake zote na kumwondoa kwa kinara. Asubuhi atakuta ujumbe, na kwenye akaunti dola 157, kwa sababu bei iliruka na kikomo ni oda kama oda nyingine.