Akimbiaye Peke Yake Asiachwe Peke Yake



Majani ya chai tunayoyachemsha kila asubuhi majumbani mwetu, tukayatia maziwa na iliki, mengi yake hutoka katika vilima vya Kericho na Bomet. Chai hiyo huteremshwa hadi Mombasa, ikanadiwa hapa kila wiki, kisha ikapakiwa melini kwenda ng'ambo. Basi sisi watu wa pwani twaijua nchi ile kwa ladha kabla ya kuijua kwa macho. Lakini vilima hivyo vina zao jingine, nalo ni wakimbiaji. Juma hili tumeona tuwazungumzie, kwa sababu wako mabinti miongoni mwetu wanaotaka kukimbia, na wazazi wao hawajui wawajibu nini.

Boito iko Konoin, katika kaunti ya Bomet, jirani na msitu wa Mau wa kusini-magharibi. Ni nchi ya juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake haingoji masika wala vuli kama yetu. Hunyesha karibu mwaka mzima, na aghalabu huja alasiri. Udongo wake ni mwekundu, na ukilowa huteleza kama sabuni. Vijia hupita kati ya mashamba ya chai, vikateremka mtoni, vikapanda tena na kuingia chini ya miti, mahali ambapo jua halifiki na tope halikauki. Huko ndiko kunakofanyiwa mazoezi ya mbio ndefu.

Mkimbiaji wa masafa hutenga siku moja katika juma kwa mbio hizo. Huenda kilomita 25, au 30, na anayejiandaa kwa marathoni, ambayo ni kilomita 42 na mita 195, aweza kupita 35. Siku hiyo hashindani na mtu. Huenda mwendo wa wastani, ambao lau angekuwa na mwenziwe wangeweza kuzungumza. Kwa mwendo huo moyo huzoea kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, misuli hujifunza kutumia mafuta ya mwili, na hewa nyepesi ya nchi ya juu huuchochea mwili kuzalisha chembe nyekundu za damu kwa wingi. Haya hayapatikani kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tope nalo lina ilimu yake. Udongo laini hupunguza kishindo kinachoumiza magoti na mifupa ya miguu, ambacho lami humrudishia mkimbiaji kwa kila hatua. Lakini tope hudai malipo: mguu huzama, na kuung'oa ni kazi. Mkimbiaji hufupisha hatua, hupanua mikono kidogo apate mizani, na macho yake hutangulia hatua mbili tatu mbele kutafuta mzizi au jiwe. Kwenye mteremko huzidisha hadhari, kwani mpando huchosha bali mteremko huangusha. Kilomita ambayo angeimaliza kwa dakika 4 kwenye lami yaweza kumchukua dakika 6 msituni. Anayeishindania saa yake mahali kama hapo huumia, na anayeikubali njia ilivyo hurudi nyumbani na vifundo vya miguu vilivyoimarika.

Wakimbiaji wa Kenya hupenda kwenda kwa makundi, mmoja akimvuta mwenziwe. Lakini kijana asiye na kambi hukimbia peke yake, na katika upweke huo mna mtihani usio wa miguu. Hapana wa kumpigia makofi. Akigeuka kwenye kilomita ya 12 akasema amefika ya 15, hapana wa kumsuta. Sisi twaujua mtihani huu kwa sura nyingine. Ni ule wa mtoto wetu anayefunga Ramadhani, adhuhuri ikamkuta peke yake chumbani na mtungi wa maji ya baridi. Hapo ndipo ikhlasi huonekana, wala haonekani anayeiona ila Mola wake.

Matunda ya kazi hii ya faragha yamedhihirika mbele ya walimwengu. Wilson Kiprugut, mtu wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha akaongeza fedha Mexico mwaka 1968. Joyce Chepchumba, naye mzaliwa wa Kericho, alishinda marathoni ya London mwaka 1997 kwa tofauti ya sekunde 1. Hebu tufikiri: kilomita 42, na kilichowatenga wa kwanza na wa pili ni sekunde moja. Nani ajuaye sekunde hiyo ilichumwa asubuhi ipi, katika tope lipi? Na huko Keringet, upande mwingine wa Mau, alikulia Faith Kipyegon, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika za wasichana chipukizi mwaka 2011 akikimbia bila viatu. Alijifungua binti mwaka 2018, akarudi mazoezini, akashinda tena dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2021 na mwaka 2024, juu ya ile ya 2016.

Sasa tuje kwenye swali la mzazi: je, binti kukimbia peke yake msituni si hatari? Ni swali la haki, na asilibeze mtu. Tulipokwenda Kericho kumzuru ndugu yetu anayefundisha madrasa, alitupeleka Boito, na asubuhi moja tukamwona binti akitoka msituni, matope yamempanda hadi magotini. Baba yake alikuwa amesimama ukingoni mwa njia, mkononi ana sweta na chupa ya maji. Tukamwuliza, "Mzee, huogopi kumwachia msitu peke yake?"

Akajibu, "Sheikh, naogopa. Ndiyo maana nasimama hapa. Najua ameingilia wapi, na najua saa ya kutoka. Akichelewa, mimi naingia."

Binti akapokea sweta, akasema, "Asante, baba," na wote wawili wakashika njia ya nyumbani.

Maneno ya mzee yule yana fikihi ya malezi. Hakumfungia binti yake kwa hofu, wala hakumtupa kwa kisingizio cha kumpa uhuru. Binti alikimbia peke yake, lakini hakuachwa peke yake.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu ya misiba tuliyoisikia. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za mbio za wanawake pekee mwezi Septemba 2021. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, naye ana umri wa miaka 25. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia, akafariki Septemba mwaka huo huo. Wanawake hawa walikuwa wamekimbia maelfu ya kilomita njiani na vichakani. Mauti hayakuwakuta huko. Yaliwakuta nyumbani, mahali pa sitara. Baada ya kifo cha Agnes wanariadha wenzake waliunda kundi la Tirop's Angels ili kupambana na ukatili dhidi ya wanawake.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kuhusu msitu na aulize pia kuhusu yale yaliyo nje ya msitu. Nani kocha wa binti yako, nawe umekutana naye? Fedha za mashindano zinaingia akaunti ya nani? Nani anayeshika simu yake? Anayekuja kumposa, anamtaka yeye au anataka miguu yake? Na binti akisema, "Mama, kuna jambo linanitisha," atapata sikio la kumsikiliza, au ataambiwa avumilie? Subira ni ya kupanda mlima. Haikuwekwa ili mtu avumilie dhuluma.

Ama kukimbia kwenyewe, tusikufanye kitu kigeni katika dini yetu. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha walipokuwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda na kumwambia kwa mzaha kuwa wametoshana. Na katika zama zetu, Sifan Hassan, aliyezaliwa Ethiopia na kuingia Uholanzi akiwa mkimbizi, alishinda marathoni ya Olimpiki ya Paris, akapanda kupokea dhahabu yake akiwa amevaa hijabu.

Pwani yetu haina vilima vya Boito, lakini ina mchanga wa bahari maji yakupwapo, na ina vijia vya mashambani mvua inyeshapo. Binti akitaka kukimbia baada ya sala ya alfajiri, avae vazi la kumsitiri na viatu vinavyoshika ardhi. Aseme anapita njia gani na atarejea saa ngapi. Na awepo mtu mmoja wa nyumba yake, baba, kaka, mama au shangazi, anayeijua saa hiyo na aliye tayari kutoka akichelewa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mabinti wetu njiani na majumbani, na atujaalie tuwe walinzi wa amana hii. Amin.